Hakimu Avua Joho

Jumanne, 4 Machi

Mkwe wangu,

Nimefika salama. Wifi yako na kichanga chake hawajambo. Mtoto ana sauti kubwa kuliko yeye mwenyewe. Kama nilivyowaambia, habari za nyumbani tuandikiane. Kwenye simu sikio langu linashika nusu, na nyinyi vijana mkiulizwa mnajibu "salama" halafu mnakata. Barua haikatiki.

Sasa kuku. Asubuhi pumba na maji, jioni mabaki ya mboga. Maji yamwagwe na kuwekwa mapya, siyo kuongezewa juu ya yale ya jana. Hakimu umpe chakula chake pembeni kwa sababu hagombanii. Anasimama tu na shingo ile kama anasubiri watu wanyamaze asome hukumu. Miaka yote niliyopiga chapa mahakamani sikuona hakimu mwenye haiba kama kuku yule.

Najua wewe ni fundi wa mafriji na kuku hawakuhusu. Lakini mwanangu akirudi kutoka kiwandani kwenye mikate yake analala kama gogo, hana msaada. Kwa hiyo ni wewe.

Chumba changu nimekifunga. Ufunguo unajua ulipo, ila usiutumie bila sababu.

Mama

*

Alhamisi, 20 Machi

Mama, shikamoo.

Barua yako tumeipata na tumefurahi kusikia mtoto ana mapafu. Sisi wazima. Mwanao amebadilishiwa zamu, siku hizi anaingia kiwandani jioni na kutoka alfajiri, kwa hiyo kulala kwake ndiko kulekule, saa tu zimegeuka.

Kuna jambo moja, Mama. Juzi nilikuta manyoya mengi bandani, nikajua paka kaingia. Nikatafuta damu, hakuna. Nikawakagua kuku, wote wapo. Jana manyoya yakawa mengi zaidi, na leo asubuhi Hakimu katoka nje shingo yake imebaki kama mpini wa bisibisi. Kichwani ana vishungi viwili vitatu tu vimesimama ovyo. Hatagi tena.

Nimemkamata nikammulika na tochi. Chawa sikuona, utitiri sikuona. Jicho lake safi, kinyesi chake cha kawaida, na anakula kuliko wenzake. Friji likiharibika lina namna ya kusema: linanguruma, linavuja, au linapata joto pasipotakiwa. Huyu havuji wala hangurumi. Anapukutika tu, basi.

Ni ugonjwa gani huu? Niambie cha kufanya.

Mkweo

*

Jumatano, 26 Machi

Mkwe wangu,

Achinjwe. Siku hiyohiyo barua hii itakapofika.

Nimefuga kuku tangu mume wako hajaota meno. Kuku anayenyonyoka namna hiyo kuna kitu kinamla ndani, na ukimchelewesha atawapa wengine, uje ufagie banda lote. Mama yangu alikuwa anachinja, nami nachinja. Najua nimempa jina. Jina halimkingi mtu na kisu.

Afanye mume wako. Wewe usimshike na mikono yako yenye gesi. Banda lipigwe chokaa. Ukimaliza uniandikie.

Hukumu ndiyo hiyo.

Mama

*

Jumapili, 6 Aprili

Mama, shikamoo.

Tumshukuru Mungu, mvua zimeanza vizuri. Paa la karakana lilivuja kidogo nikaliziba mwenyewe. Mwanao anakusalimu, kasema kule kiwandani wamempa tanuri kubwa alisimamie, anatembea kifua mbele utadhani kapewa wizara. Jirani wa upande wa geti kamwoza binti yake. Msalimie sana wifi, na mtoto mbusu kwa niaba yangu.

Lile la Hakimu usiwe na wasiwasi nalo. Linashughulikiwa.

Mkweo

*

Jumatatu, 14 Aprili

Mkwe wangu,

Neno "linashughulikiwa" nimelipiga chapa maisha yangu yote, na maana yake ni kwamba hakuna aliyefanya kitu. Kwa hiyo nilimpigia simu mume wako, nikaiweka sikio zuri. Nikamuuliza, "Kuku mmemchinja?" Akajibu harakaharaka, "Tayari, Mama, tumeshamla, mchuzi ulikuwa mtamu."

Haya. Mmetii nilivyosema, sina neno.

Ila wiki hii sina hamu ya kula. Wifi yako kapika kuku, nikasingizia tumbo. Unajua baba yenu alipofariki, watu walijaa nyumbani siku za mwanzo, kisha wote wakarudi makwao. Hakimu wakati huo ndiyo kwanza alikuwa ametoka kuwa kifaranga. Nikikaa kizingitini na gazeti alikuwa anakuja kusimama mbele yangu, nami nikawa nasoma kwa sauti, naye anasikiliza. Habari za siasa hakuzipenda, alikuwa anaondoka. Hili nakuambia wewe, usilipeleke kwingine.

Mtoto anakua. Hataki mikono ya mtu mwingine isipokuwa yangu, kwa hiyo sipati hata nafasi ya kukaa.

Mama

*

Jumamosi, 19 Aprili

Mama, shikamoo.

Hakimu yuko hai.

Nimeanza na hilo ili kama kuna cha kunikasirikia ukasirike baada ya kujua. Yuko hai na anakula. Mwanao kadanganya. Anasema alipoona jina lako kwenye simu alisimama wima juu ya kochi na ulimi ukajisemea wenyewe. Huo mchuzi aliutoa wapi hata yeye hajui. Anaomba radhi, yuko hapa ananitazama ninavyoandika.

Barua yako ilipofika alikinoa kisu. Mimi ndiye niliyemzuia. Nikamwambia, kitu kinachokula, kinachokunywa na kinachotembea hakijaharibika. Hata friji sitangazi limekufa kabla sijafungua mgongo wake nikaona. Nikamwomba anipe siku chache. Akaweka kisu chini upesi, nikajua naye alikuwa hataki.

Kisha kukatokea balaa jingine. Wale wenzake wakaanza kumdonoa pale palipo wazi, hasa mgongoni, akatoka damu. Ikabidi nimtenge. Karakana ina gesi na vyuma, jikoni hapafai, sebuleni mwanao analala mchana na feni. Mama, yuko chumbani kwako. Kitanda nimekifunika nailoni chote, sakafu nimetandika magazeti, na yeye mwenyewe amechagua kile kiti chako cha kamba. Nafagia asubuhi na jioni.

Sasa nikuambie nilichokiona, maana sina mwingine wa kumwambia. Hapukutiki ovyo. Alianza kichwani, akashuka shingoni, kifuani, mgongoni. Sasa ndiyo mabawa na mkia vinaanza. Na pale alipoanzia, kichwani, pameota miiba! Amekuwa kama nungunungu mdogo. Kila mwiba ni mrija, kama waya ndani ya plastiki yake, na kwenye ncha ile plastiki imeanza kupasuka, kinachungulia kitu kama brashi ya rangi. Niligusa mmoja akapiga ukelele, mwanao akaanguka kutoka kwenye kochi.

Hukumu uliitoa, naijua. Naomba rufaa.

Mkweo

*

Ijumaa, 2 Mei

Mkwe wangu,

Kitanda changu?

Barua yako niliisoma nikaisukumiza chini ya mto, na siku kadhaa nikawa najifungia chumbani. Wifi yako kadhani presha imepanda. Nilikuwa na hasira na mume wako, na hasira na wewe. Nailoni! Na hasira nyingine nilikuwa nayo ambayo sikujua ni ya nani, maana huku nimenuna huku mdomo unataka kucheka. "Mchuzi ulikuwa mtamu." Huyo nitamtafutia siku yake.

Lakini kuna kitu kilinikereketa hadi nikaitoa tena barua. Unasema mabawa yameanza. Yanadondoka yote kwa mara moja? Bawa moja kwanza au yote mawili?

Nakuuliza kwa sababu hapa kuna njiwa anayekuja dirishani. Ana pengo kwenye bawa, unyoya haupo, na anaponyoosha bawa la pili pengo liko palepale, kama mtu aliyepima na rula. Nimemwita wifi yako aje aone, akaniambia, "Mama, ni njiwa." Najua ni njiwa! Nimeuliza pengo. Na kama ni ugonjwa, mbona anaruka?

Mkamate Hakimu, mtu mwingine amshike, umfungue mabawa yote mawili uniandikie unachokiona, siyo unachodhani. Na ile miiba, ndani yake kuna damu? Damu ya rangi gani? Na anakunywa maji zaidi au kama kawaida?

Rufaa imepokelewa. Mshtakiwa abaki rumande chumbani hadi uchunguzi ukamilike.

Mama

*

Alhamisi, 8 Mei

Mama, shikamoo.

Ni kweli! Ni kweli kabisa! Mwanao kamshika, nimemwambia hiyo ndiyo adhabu yake, nami nikafungua mabawa. Unyoya uliodondoka kulia, kushoto umedondoka huohuo. Na hayadondoki yote. Yameanza katikati ya bawa yanaelekea nje, moja baada ya jingine, na lililotangulia linakuwa limeshaanza kuota kabla la mbali halijaachia. Nilikaa juu ya kitanda chako (juu ya nailoni) nikayahesabu upya. Ningepewa mashine nibadilishe vyuma vyake vyote huku inafanya kazi, ningefanya hivyohivyo: kimoja huku, kimoja huku, isiegemee upande. Mimi ningehitaji mchoro. Yeye mchoro kaupata wapi?

Damu ipo. Imesimama ndani ya mrija chini karibu na ngozi, nyeusinyeusi ina uzambarau. Ukiweka tochi nyuma yake unaiona vizuri. Ile miiba iliyokwisha kufunguka haina damu tena, mrija wake mweupe, mkavu. Maji anakunywa kama kawaida. Chakula ndiyo usiseme. Nimempa vichwa vya samaki, amevimaliza akanitazama kama nimemwibia. Sasa nimeelewa kwa nini hatagi. Nguvu ni ileile moja, kaihamishia kwenye manyoya.

Yule daktari wa mifugo wa sokoni ana friji lake hapa karakanani, nikamuuliza alipokuja kulichukua. Akasema siyo ugonjwa. Kuku mkubwa hubadilisha manyoya karibu kila mwaka. Wengi huyaacha polepole huwezi hata kugundua, na wachache huyatupa yote kwa mkupuo kama huyu wetu, ukafikiri anakufa. Ukimlisha na kumwacha atulie, anavaa upya anaendelea.

Nilitaka kumuuliza na jambo jingine, nikaacha.

Mwanao anauliza unarudi lini.

Mkweo

*

Jumanne, 20 Mei

Mwanangu,

Najua ulichotaka kumuuliza daktari. Ulitaka kuuliza juu ya wale kuku wa miaka ya nyuma, niliowachinja. Nashukuru kwamba uliacha. Mama yangu alichinja, nami nikachinja, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kungoja aone. Kumbe walikuwa wanavua joho wavae jingine. Nimelifikiria sana hili, nimekaa nalo, sasa tuliache.

Umeuliza narudi lini. Nami sikukuambia ukweli kuhusu huku. Mtoto ana yaya wake, msichana hodari mwenye mikono mizuri, na mtoto akiwa kwake ananyamaza kuliko akiwa kwangu. Wifi yako anatoka kazini amechoka, tunakula, tunalala. Nyumba iko ghorofani, haina ua. Mimi nakaa dirishani. Ndiyo maana njiwa namjua unyoya kwa unyoya. Wifi yako kaniandalia chumba, anataka nibaki moja kwa moja, na mimi sijakataa.

Ile siku niliyoondoka nilisahau miwani. Nilipofika kona nikakumbuka, nikarudi hadi mlangoni. Nikawasikia wewe na mwanangu jikoni, redio mmeifungulia sauti hadi mwisho, mnacheka kama wanafunzi waliofunga shule. Sikugonga. Nilipofika huku nikanunua miwani nyingine.

Siandiki ili nikulaumu. Nyumba ni yenu na kucheka ni kwenu. Nimeona tu ni vizuri ujue kwamba najua.

Njiwa hajambo. Lile pengo limesogea nje kidogo, kama ulivyosema kwa Hakimu.

Mama

*

Jumapili, 25 Mei

Mama, shikamoo.

Nimeandika barua hii nikachana, nikaandika nikachana. Mwanao kasema, "Mwambie tulikuwa tunachekea redio." Nimemwambia huyu mama kadanganywa na mchuzi, hadanganywi tena.

Ni kweli tulicheka. Ulipotoka getini nilipumua. Nikaweka miguu juu ya meza, nikapika saa niliyotaka. Ukiwa hapa, Mama, kila sufuria ninayoifunika unaifunua. Nageuka kuchukua chumvi, nikirudi kifuniko kiko mkononi mwako. Miaka yote nimekaa kimya, nikawa naona unatafuta kosa. Kwa hiyo ndiyo, siku zile za mwanzo nilifurahi, wala sitaki kukuficha.

Lakini furaha ile haikufika mbali. Nikimwambia mwanao unyoya mpya una damu ndani, anasema "ahaa" na kugeukia ukutani. Karakanani watu wanataka kujua friji litakuwa tayari lini, basi. Wewe uliniuliza damu ya rangi gani. Mama, tangu niolewe, tangu nianze ufundi, hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali kama lile, la mtu anayetaka kweli kujua. Siku hizi nikipita posta moyo unanienda mbio. Mwanao ananitania kwamba nimepata mchumba.

Sijui ukirudi utaacha kufunua sufuria. Nadhani hutaacha. Basi safari hii nitakuambia, kwa sauti, upande wa sikio zuri, na wewe unijibu. Ila nataka urudi. Nimeandika mimi, siyo mwanao aliyenituma.

Na mkia umeanza. Miiba imesimama kwa safu, minene kuliko ya kichwani, na ule wa katikati umepasuka ncha leo asubuhi. Nimejaribu kuuchora hapa chini lakini umetoka kama ufagio. Hauandikiki. Lazima uuone.

Fundi

*

Ijumaa, 30 Mei

Fundi,

Sufuria nafunua kwa sababu hakuna anayeniambia tunakula nini, na kuuliza naona haya, nisije nikaonekana mzee mlafi. Basi. Ungeniambia tu asubuhi, "Mama, leo maharage," nisingegusa kifuniko chochote. Ndiyo sisi, tumekaa nyumba moja miaka yote hiyo kila mtu na tafsiri yake.

Nimemwambia wifi yako nasafiri. Amelia kidogo, kisha kanuna, kisha kaniuliza ni kitu gani hasa nakiwahi. Nikamwambia mkia wa kuku. Ameshika kichwa. Namuacha na yaya mzuri na mtoto mwenye afya, na nimeahidi kurudi mvua za vuli zikiisha, nikae kama mgeni nitendewe kama mgeni. Kasema afadhali iwe hivyo.

Njiwa ameota ule unyoya, na nimeona kitu: ni mweusi zaidi ya majirani zake. Kwa hiyo hebu tazama, Hakimu rangi mpya ni ileile ya zamani, au imekolea? Na kama imekolea, itabaki hivyo au jua litaifubaza? Ningependa tuweke mmoja wa zamani na mmoja mpya ubavuni, kwenye mwanga wa dirishani siyo wa taa. Yale yaliyodondoka natumaini hukuyatupa. Kama umeyatupa, usiniambie kwa barua.

Nafika Jumamosi ijayo jioni. Aje mume wako kunipokea kituoni, peke yake. Kutoka kituoni hadi nyumbani kuna mwendo wa kutosha, na namdai anieleze ule mchuzi aliupikaje.

Nakuomba jambo moja. Usimtoe Hakimu chumbani kwa sababu nakuja. Ameshapazoea, na hiyo miiba ya mkia inaweza kuvunjika akirudishwa kwa wale wahuni kabla haijakomaa. Mwache kwenye kiti. Mimi nitaingia taratibu, nitalala upande wa ukutani, na asubuhi nitamsomea gazeti kabla hujaamka.

Nailoni tu ndiyo uitoe.

Mama